Naomba ushauri: Kikundi chetu cha San Diego kinatafuta ruzuku ya serikali ya jimbo, tuanzie wapi?

Mama Bustani

Wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoishi San Diego, California, ambao wengi wetu tulitoka Kivu tukapitia kambi za Tanzania na Kenya kabla ya kufika huku. Tunalima lengalenga, yaani mchicha, pamoja na matembele na maboga katika bustani ya jumuiya, na ziada tunaiuza sokoni mwishoni mwa juma. Sasa tunahitaji chumba cha baridi cha kuhifadhia mboga, mipira ya kumwagilia kwa matone, na posho ya kijana atakayewafundisha wenzake. Tunaambiwa kwamba jimbo hutoa ruzuku kwa shughuli za namna hii, lakini kila mtu anatuelekeza njia yake. Zaidi ya hayo, kuna bwana ametupigia simu akidai kwamba tumekwisha kuteuliwa, na kwamba tutume dola 400 za kushughulikia faili. Hatujatuma. Ruzuku hizi hutangazwa wapi, na je, kikundi kisichosajiliwa kinaruhusiwa kuomba?

Msomaji wa Sacramento

Dada, huyo bwana msimjibu tena. Serikali haimpigii mtu simu kumpa ruzuku ambayo hakuiomba, wala haidai ada ili iitoe.

Kuhusu mahali pa kutafuta, Maktaba ya Jimbo la California inaendesha tovuti ya grants.ca.gov tangu Julai 2020, kufuatia sheria ya mwaka 2018 inayozitaka idara za jimbo kutangaza humo ruzuku zao za kushindaniwa. Msiichanganye na Grants.gov, ambayo ni ya serikali ya shirikisho na ina usajili wake wa pekee. Zote mbili ni bure. Kila tangazo la jimbo linaonyesha nani anaruhusiwa kuomba, kama barua ya kusudio inatakiwa mapema, kama mwombaji lazima achangie fedha zake, na namna malipo yatakavyofanyika. Watu wengi hukimbilia kuangalia kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho. Mimi ningeanza na hicho kipengele cha malipo.

Mhasibu Mstaafu

Naunga mkono, na niongeze kwa nini. Ruzuku nyingi za jimbo hulipwa kwa kurejesha gharama: mnanunua kwanza, mnawasilisha ankara na risiti, kisha mnasubiri hundi, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi. Tuseme chumba cha baridi kinagharimu dola 20,000; ni nani kati yenu atakayezitoa dola hizo siku fundi anapodai chake? Ipo sheria ya mwaka 2023 inayoruhusu idara za jimbo kuzitangulizia asasi zisizo za faida hadi asilimia 25 ya ruzuku, kwa masharti, lakini kuruhusu si kulazimisha. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja wa andiko la mradi.

Pia anzeni leo kutunza daftari la mapato na matumizi, hata kama ni ya lengalenga za dola mbili fungu.

Karani wa Zamani

Nijibu swali la usajili. Kwa ruzuku nyingi, kikundi kisicho na hadhi ya kisheria hakiwezi kusaini mkataba na jimbo. Njia ya kawaida ni kuandikisha asasi isiyo ya faida kwa Katibu wa Jimbo, ambako ada ya hati ya kuanzisha ni dola 30, kisha kuchukua namba ya mwajiri kutoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya shirikisho, bila malipo, kisha kuomba msamaha wa kodi wa 501(c)(3). Asasi ndogo inayotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka inaweza kutumia fomu fupi ya 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Baada ya hapo kuna daftari la asasi za hisani la Mwanasheria Mkuu wa California, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mnatakiwa kuwasilisha humo taarifa ya kila mwaka, na asasi iliyozembea huandikwa kuwa haina ruhusa ya kuendesha shughuli wala kuchangisha.

Jina nalo lisipishane hata kwa herufi moja. Mkijiita «Akinamama» kwenye hati na «Akina Mama» benki, mtarudishiwa karatasi kwa ajili ya nafasi moja tu.

Binti Mvita

Mimi natofautiana kidogo na Karani. Kwa ombi la kwanza, kujisajili wenyewe ni mzigo mkubwa mno. Tafuteni asasi mlezi, yaani asasi yenye 501(c)(3) itakayopokea fedha kwa niaba yenu na kusimamia hesabu, ikikata asilimia fulani mtakayokubaliana kwa maandishi. Hasara yake ni kwamba mkataba unakuwa wa kwao, hivyo mkikosana nao, mradi unaingia mashakani. Hata hivyo, asasi yenye akiba inaweza pia kubeba gharama wakati mnasubiri kurejeshewa, jambo ambalo usajili wenu mpya hautawapa.

Mama Bustani

Nawashukuru sana. Tumependa wazo la asasi mlezi, kwani iliyo karibu nasi inatufahamu. Je, kuna idara mahususi ya kufuatilia? Na mwongozo ukiwa na kipengele tusichokielewa, tunaruhusiwa kupiga simu?

Msomaji wa Sacramento

Fuatilieni Idara ya Chakula na Kilimo ya California, CDFA, ambayo imewahi kutoa ruzuku za kilimo cha mijini. Fedha hizo hazipo kila mwaka, kwani hutegemea bajeti ya jimbo, ambayo mwaka wake huanza Julai 1, pamoja na fedha za hatifungani, yaani mkopo wa jimbo, kama ile ya dola bilioni 10 iliyopitishwa na wapiga kura Novemba 2024, ambayo sehemu yake ni ya kilimo.

Kuhusu simu, someni tarehe zilizomo kwenye mwongozo. Kwa kawaida idara hufungua kipindi cha maswali, mnayatuma kwa baruapepe, na majibu huchapishwa ili waombaji wote wayaone. Kipindi hicho kikifungwa, maofisa hawaruhusiwi kumsaidia mwombaji mmoja peke yake, hivyo swali la chumba cha baridi litumeni wiki ile ile tangazo linapotoka, mkiuliza kama kifaa hicho kinakubalika kama gharama ya mradi na kama kinahitaji nukuu za bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja.