Mzee niliyemheshimu tangu ujana amenivunja moyo. Nimwendee au ninyamaze?

Baba Fatu, Likoni
Assalamu alaikum wakubwa kwa wadogo. Nina jambo lanikera wiki nzima, usingizi sipati. Kuna mzee wa siasa hapa Mombasa, jina simtaji. Namfuata tangu nikiwa kijana. Ndiye aliyenifunza kwamba mpwani aweza kudai ardhi yake na bandari yake bila kumtukana jirani. Makontena yalipolazimishwa kupanda reli mpya na malori yakakosa mizigo, alisimama na madereva wote, wa hapa na wa bara. Sasa Jumapili mkutanoni akasema waliokuja Mombasa na mabegi waanze kuyafunga, wasingoje kufungiwa. Watu wakashangilia. Mimi mwili ulinifa ganzi. Nimwendee nimwambie amekosea, ama ninyamaze kwa heshima ya umri wake?

Nahodha Mstaafu
Waalaikumu salaam. Taja jina kwanza, ushauri utafuata. Mimi nimebeba wanasiasa wengi kwenye mashua yangu, kaskazi na kusi, na kila mmoja alinidai nauli ipunguzwe.

Wakili wa Baraza
Hapa hapana suala la heshima, ni suala la sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13: maneno ya chuki ya kikabila, faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na Ibara ya 39 ya Katiba yampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Una video?

Kijana wa Majengo
Labda mzee alikuwa anasema na muguka, yale majani ya kutafuna kutoka Embu. 2024 si ulipigwa marufuku hapa, Embu wakakimbilia mahakamani, na sisi vijana tukabaki na mashavu matupu 😂

Bi Mkubwa wa Mtongwe
Kijana, usicheke. Agosti 1997 nilikuwa nikikaa karibu na kituo cha polisi cha Likoni. Yale maneno ya wabara warudi kwao tulikuwa tumeshayasikia vibarazani, na tuliyachukua kama porojo za uchaguzi. Usiku wa tarehe 13 kituo kikavamiwa, polisi wakauawa, vibanda vikawaka moto mpaka kivukoni. Majuma yale walikufa zaidi ya watu 100, na waliohama ni maelfu kwa maelfu. Jirani yangu alikuwa Mjaluo, fundi cherehani. Alikimbilia kanisa Katoliki la Likoni na watoto wanne. Nikawa nawapelekea uji, natetemeka njia nzima nisije nikaonekana. Siku moja nikafika, nikaambiwa wameshaondoka. Cherehani yake iko kwangu mpaka hii leo, naipaka mafuta. Mwanangu Baba Fatu, kanzu hufumuka kwa uzi mmoja. Mwendee mzee.

Mama Sauda, Bamburi
Poleni, Bi Mkubwa. Baba Fatu, kuna kitu sikielewi. Maneno umeyanukuu yote, sauti ya umati umeisikia, na wewe umekufa ganzi. Ulikuwa umesimama wapi?

Baba Fatu, Likoni
Nilikuwa karibu.

Mama Sauda, Bamburi
Karibu wapi?

Baba Fatu, Likoni
Jukwaani. Mimi ndiye mshereheshaji wake, miaka saba sasa. Alipomaliza akanirudishia kipaza sauti, na umati wangoja. Nikasema "Semeni naam!" wakasema naam. Lilinitoka tu, ndiyo kazi yangu, baada ya kila hotuba husema hivyo. Msinihukumu. Na Jumamosi kuna mkutano mwingine, nimeshapokea 15,000 za kutangulia na zimeshaingia karo ya Fatu. Nikisusa atapewa mwingine ambaye atasema mabaya zaidi. Nikiwepo naweza kumpoza mzee.

Wakili wa Baraza
Basi video nisikuulize tena. Na wewe umo ndani yake.

Nahodha Mstaafu
Dah. Karo nayo ni deni. Mimi mwanangu wa tatu alirudishwa nyumbani muhula mzima, najua uchungu wake.

Kijana wa Majengo
Hii hekaya. Mshereheshaji wa mheshimiwa aje hapa kuanika mambo ya bosi wake? Tena tangu asubuhi yuko mtandaoni, mtu mwenye mke na watoto nyumbani! Huyu katumwa na wapinzani kumchafua mzee.

Mama Sauda, Bamburi
Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Mke wako anasemaje, Baba Fatu? Mbona hujamtaja hata mara moja?

Baba Fatu, Likoni
Hayupo. Mke wangu ni Muembu. Ana kibanda cha viazi na vitunguu Kongowea, miaka kumi na moja. Hiyo Jumapili alikuwa kwenye umati, alikuja kunitazama mume wake nikifanya kazi. Jumatatu hakusema neno, akapika, akafua. Jumanne usiku akapanda basi na watoto. Begi lenyewe ni lile alilokuja nalo. Ndiyo maana niko hapa tangu asubuhi, kijana. Nyumba iko kimya.

Kijana wa Majengo
Nisamehe, kaka. Nilidhani ni utani.

Bi Mkubwa wa Mtongwe
Subhanallah. Ya mzee yaache kwanza. Umempigia?

Baba Fatu, Likoni
Mara nyingi, hapokei. Na nikipokewa niseme nini, Bi Mkubwa? Kwamba sikumaanisha? Aliniona kwa macho yake.

Bi Mkubwa wa Mtongwe
Sema hivyo hivyo, kwamba alikuona.

Nahodha Mstaafu
Na zile 15,000 tukichanga hapa? Mimi natoa 500.

Baba Fatu, Likoni
Ahsante Nahodha, lakini mzee nitamrudishia mwenyewe, hata kama ni kidogo kidogo. Wacha niwaambie, mke wangu amepiga sasa hivi. Ya mkutano hakuyagusa. Ameuliza tu vile viazi magunia mawili vilivyobaki kibandani vimeuzwa au vimeoza. Sijui. Sijapita huko tangu aondoke. Navuka feri sasa, naenda Kongowea.