Kikomo cha riba Kenya: kirudi, au kibaki kaburini?

Mwanzisha mada

Wadau, kila maisha yakibana nasikia watu wakiidai ile sheria ya 2016. Kwa waliosahau: Agosti mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, benki zikakatazwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Riba hiyo iliposhuka hadi asilimia 10, mkopo ukagota kwenye 14. Novemba 2019 kikomo kikafutwa.

Mimi nasema kisirudi. Hebu kaa kwenye kiti cha meneja wa tawi mwaka 2017. Serikali inakopa kwa mwaka mmoja kwa takriban asilimia 11, na pesa zako zinarudi bila kumfuata mtu. Muuza mitumba wa Gikomba, soko lisiloisha kuungua, anakopa kwa 14. Ndani ya pointi hizo tatu umlipe afisa wa kumtembelea kibandani, ukague biashara isiyo na vitabu, na ubebe hasara ya watakaohama mtaa usiku. Wewe ungempa nani?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, huruma yako umeiweka pasipo. Kabla ya kikomo benki zilikuwa huru, na riba ilikuwa karibu 18. Sawa, muuza mitumba hawamjui. Je, mwalimu anayekatwa kwenye mshahara kabla hajauona? Naye alitozwa kama mtu wa kutoroka! Sheria ileile ilitaka akaunti zenye riba zilipwe angalau asilimia 70 ya riba ya Benki Kuu. Kilichofuata? Akaunti za akiba zikageuzwa za matumizi ya kawaida, zisizolipwa kitu. Mtu anayekwepa hivyo usiniambie tatizo lake ni gharama.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa magari. 2017 niliomba 150,000 kwenye benki niliyoweka pesa miaka sita. Hakuna aliyeninyima. Waliniambia lete logibuku ya gari, lete mdhamini, rudi Jumatatu. Jumatatu ya tatu nikachoka, nikakopa kwenye apu ya simu. Nilipochelewa siku nne wakampigia shemeji yangu. Hiyo 14 nilikuwa nikiisikia redioni tu.

Mwanzisha mada

Fundi, pole. Na tazama bei ya huko ulikokimbilia: hata M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyotolewa kwa ushirikiano na benki, ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha kwa miezi kumi na miwili uone 90. Iliitwa ada, si riba, kikomo kikapita juu yake.

Lakini hoja ya mwalimu imenibana. Pale hatari ni ndogo na gharama ni ndogo, bado bei ilikuwa juu. Nadhani ni kwa sababu kuhamisha mkopo wa mshahara ni kazi ngumu, na benki inajua hivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Basi tumekaribiana. Kikomo kirudi kwa mikopo ya mshahara peke yake, kwingine soko liamue.

Mchangiaji wa pili

Sawa. Na mimi nisiye na mshahara nirudi Jumatatu?