Ngozi nyeusi kwa rangi za udongo: paleti ya Zorn, sienna na bluu, au nisage udongo wangu?

kibaraza_na_brashi
Habari za humu wakuu.

Nina kazi ya picha ya familia, rangi za mafuta kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 80. Watu ni watatu: bibi, mweusi wa kung'aa, mjukuu wake ambaye ndiye mteja, maji ya kunde, na kitoto cha miezi mitatu ambacho bado kina ule wekundu wa uchanga. Wamekaa barazani, jua la saa kumi na moja jioni linaingia kutoka kushoto.

Mjukuu na kitoto sina wasiwasi nao sana. Bibi ndiye ananitesa. Nimemjaribu mara mbili kwenye kadibodi na mara zote katoka kapauka, kama mtu aliyetoka kuoga baharini akakosa mafuta ya kupaka. Mteja akiona vile hata salio halipi.

Mfuko unaruhusu tyubu nne, tano nikijinyima. Nataka nibaki kwenye rangi za udongo kwa sababu bei yake inabebeka na hazififii. Kichwani nina njia tatu: paleti ya Zorn (zile rangi nne za mchoraji Zorn) ambayo kila mtu anaisifia, sienna ya kuchomwa (udongo wa kahawia nyekundu) na altramarini (bluu), pamoja na oka ya njano (udongo wa manjano) na nyeupe, au nisage udongo mwenyewe, maana nyuma ya kwetu kuna korongo lenye udongo mwekundu ambao ukigusa shuka doa halitoki.

Aliyewahi kumchora mtu mweusi hasa kwa njia hizi aje aseme ukweli. Nawasilisha.

siti_ya_nyuma
Nimeweka kambi hapa. Wataalamu njooni.

mwl_mstaafu
Kijana, kabla hujanunua kitu, hebu sema: upande wa jua wa uso wa bibi uliung'arisha kwa rangi gani? Na kivuli ulikitia giza kwa nini?

kibaraza_na_brashi
Shikamoo mwalimu. Nilitumia amba ya kuchomwa (udongo wa kahawia iliyokolea) na nyeupe ya titani. Kwenye kivuli nikaongeza nyeusi.

mwl_mstaafu
Marahaba. Basi ugonjwa tumeshaujua, na tyubu mpya si dawa yake.

Titani ni nyeupe kali, tena ya baridi. Ukiitia kwenye kahawia haiipi mwanga, inaipa unga. Ngozi nyeusi ina mwanga wa namna mbili na wengi huuchanganya. Kuna eneo lililoelekea jua: hapo ngozi inapanda kuelekea wekundu na uchungwa, na unaipandisha kwa oka au sienna mbichi. Nyeupe usiiguse. Halafu kuna mng'ao, kile kidoa cha paji, ncha ya pua na shavu. Pale huioni ngozi. Unaona taa au anga ikijiangalia kwenye mafuta ya ngozi. Kidoa kilichopigwa na jua lako la jioni kitakuwa na umanjano kidogo. Vile vya upande wa kivuli vitachukua bluu ya anga. Nyeupe ifanye kazi hapo tu, pigo mbili tatu za brashi, kisha uiweke chini.

Na kuna jambo la pili watu hawaambiwi. Amba hunywa mafuta sana. Ikikauka, sehemu za giza hufubaa, na weusi uliokuwa na kina jana leo unaonekana kama vumbi. Kwa hiyo nusu ya kupauka kwa bibi huenda si mchanganyiko. Chukua kitambaa safi, pakaza mafuta ya kitani kiduchu juu ya ile kadibodi iliyokauka, futa mpaka uone kama hukupaka kitu. Ukiona weusi umerudi, umepata jibu.

bandari_ya_zamani
Mwalimu kamaliza, ila nisikubali Zorn aonewe kabla hajatajwa vizuri.

Anders Zorn alikuwa Mswidi, kazaliwa Mora mwaka 1860, kafa 1920. Paleti inayobeba jina lake ni rangi nne: nyeupe ya risasi, oka ya njano, vermilioni na nyeusi ya mfupa. Vermilioni ni zebaki na salfa, kwa hiyo siku hizi wengi wanaweka kadimiamu nyekundu mahali pake. Umeona tatizo, kaka? Kwenye hiyo paleti udongo ni oka peke yake. Watu wanaiita ya udongo kwa sababu matokeo yake yanafanana na udongo.

Raha yake iko kwenye nyeusi. Ichanganye na oka, unapata kijani cha zeituni. Ichanganye na nyeupe, uiweke kando ya nyekundu, utaapa kwamba umepaka bluu. Mwanafunzi anayeanza inamfundisha zaidi ya sanduku la rangi 24.

Kwa mjukuu wako, maji ya kunde, mimi nisingetafuta kitu kingine. Oka sehemu tatu, nyekundu moja, nyeupe kwa kuonja, na nyeusi kwa ncha ya kisu. Nikishuka kwa mtu mweusi hasa, hapo mimi mwenyewe huihama. Oka ni nzito, haipitishi mwanga. Ukiishusha na nyeusi unapata kivuli kama sufuria ya kuni. Nimewachora wajomba zangu wawili kwa Zorn tupu. Mmoja alishukuru. Mwingine aliuliza kama alikuwa mgonjwa siku ile.

doa_la_tano
Wajomba 😂

Nimesoma uzi huu jana usiku nikaona badala ya kubishana nipake. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nimepiga vidoa vitano, kila kimoja upana wa vidole viwili, juu cheusi kinashuka kuelekea mwanga:

1. Amba, nyeusi, titani (ya mleta uzi).
2. Zorn na kadimiamu.
3. Zorn, ila nyekundu ni oksaidi ya chuma.
4. Sienna ya kuchomwa na altramarini.
5. Namba 4, nikaongeza oka kwenye mwanga.

Asubuhi nikaweka mkono wangu kando yake dirishani. Mimi ni mweusi, kwetu wananiita Kaniki. Namba 1 ni majivu, hakuna kesi. Namba 2 juu kuna uzambarau kama wa divai, unapendeza ukiwa peke yake lakini mkono unaukataa. Namba 3 ilinishangaza: oksaidi imeufuta ule uzambarau na giza lake limekaa kikahawa, ingawa bado ni zito. Namba 4, pale juu kabisa, ndiyo ngozi. Sababu sienna na altramarini zote mbili zinapitisha mwanga, kwa hiyo giza lake lina kina, unaweza kuzama nalo. Tena linageuka unavyotaka: sienna ikizidi, kivuli cha moto; bluu ikizidi, kivuli cha baridi. Kasoro yake ni kwamba ukipanda kwenye mwanga bila oka inakuwa nyekundu kama tofali. Ndiyo maana namba 5 ikashinda.

Angalizo la dukani: usisome jina tu, soma namba ya rangi. PBr7 ni sienna na amba zote, mbichi na za kuchomwa, kwa hiyo hapo namba pekee haitoshi. PR101 ni oksaidi ya chuma ya kiwandani, na familia yake ni kubwa: kuna inayoelekea uchungwa, kuna inayoelekea zambarau na yenye nguvu ya kumeza kila kitu kwenye paleti. Tyubu nyingi zilizoandikwa sienna ya kuchomwa ndani ni PR101. Si wizi, na ile inayopitisha mwanga ni nzuri kuliko sienna nyingi. Ila ujue unachonunua.

mwl_mstaafu
Kaniki, kazi nzuri. Hiyo kalenda itunze.

korongo77
Nije upande wa kusaga, maana nimeshaungua huko.

Rangi hizi za udongo zote kiini chake ni chuma. Udongo wa manjano ni chuma kilichofungamana na maji. Ukiupasha moto kama nyuzi 300 maji yanatoka na njano inageuka nyekundu. Ndiyo maana ya neno "ya kuchomwa" kwenye sienna na amba. Nimelifanya kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko la mkaa, na unaona kabisa rangi inageuka kuanzia ukingoni kuja katikati kama chapati. Na kuhusu kudumu hakuna wa kukubishia: michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ni udongo huo huo mwekundu.

Usichukue udongo wa juu wenye mizizi. Chimba, au kwangua ukuta wa korongo. Koroga kwenye ndoo ya maji, subiri kidogo mchanga utue, mimina maji ya rangi kwenye ndoo ya pili. Rudia mara tatu nne. Kinachotua mwisho, laini kama uji wa mtoto, ndicho chako. Kausha, saga juu ya kioo, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa ya maana, lile vumbi si la kuvuta.

Sasa kuungua kwenyewe. Mafuta ya kitani yalikuwa yameniishia, nikasema alizeti nayo ni mafuta. Nikasagia alizeti ya jikoni. Nikachora uso wa shangazi vizuri tu. Baada ya miezi mitatu ulikuwa bado unanata. Naishi kando ya barabara ya vumbi, kwa hiyo shangazi akaota ndevu. Usifanye hivyo. Kitani, au kama huna, kiini cha yai kwenye ubao mgumu.

Kuhusu swali lako: kwa kazi ya mteja yenye tarehe, hapana. Udongo wa korongo moja unakupa nyekundu moja, na kesho ukichimba mita mbili kando ni nyingine. Kwa kazi yako mwenyewe, chimba bila kuuliza mtu.

fundi_sakafu
Mimi si mchoraji, napita tu. Hiyo oksaidi mnayoitaja ndiyo ile tunayochanganya na saruji kwa sakafu nyekundu? Inauzwa kwa kilo dukani kwa vifaa vya ujenzi.

doa_la_tano
Ndiyo hiyo hiyo fundi, ni oksaidi ya chuma. Wapo wanaoisagia mafuta ya kitani na inakubali. Shida ni kwamba mfuko wa ujenzi huwa hausemi umejazwa nini kingine, chokaa au unga wowote. Jaribu: chovya kidogo kwenye mafuta, paka kwenye kioo. Ikiacha chenga za unga mweupe, irudishe sakafuni.

fundi_sakafu
Poa. Mafundi seremala wa zamani nao walikuwa na ngeu yao ya kupigia mistari, nadhani ni ukoo mmoja.

bandari_ya_zamani
Ukoo mmoja kabisa.

siti_ya_nyuma
Swali la mshamba: si kuna tyubu inauzwa imeandikwa rangi ya ngozi? Kwa nini mnajitesa?

bandari_ya_zamani
Fungua moja uone ni ngozi ya nani. Crayola walikuwa na kalamu iliyoitwa rangi ya ngozi, ya waridi hafifu, na mwaka 1962 wakaibadilisha jina ikawa ya pichi. Kwenye tyubu nyingi mpaka leo ndani ni waridi ile ile. Kwa kitoto ingesaidia kidogo, ila nyekundu, oka na nyeupe zinaitengeneza bure.

mwl_mstaafu
Kwa kitoto, mwenye tyubu ya udongo wa kijani aitumie. Waitaliano wa zamani waliupaka chini ya nyuso kabla ya kuweka waridi juu. Baadhi ya picha zao waridi imechakaa, na nyuso za watakatifu zimebaki na ukijani. Ni rangi dhaifu sana, haiwezi kukuharibia kazi, na inatuliza wekundu ukizidi. Kama huna, oka na nyeusi ya mfupa, kama alivyosema wa bandarini.

kibaraza_na_brashi
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Kwanza mwalimu, nilipaka mafuta kwenye kadibodi ya zamani kama ulivyosema. Kivuli cha shingo kikarudi cheusi mbele ya macho yangu. Paji halikurudi, lile lilikuwa titani kweli.

Nimenunua nne: sienna ya kuchomwa (ndani PR101, asante Kaniki), altramarini, oka na nyeupe. Nyeusi sikununua. Bibi nimemuanza upya kwa sienna na altramarini nyembamba, uso wote ukiwa giza, kisha nikapanda kwa oka taratibu. Nilipofika kwenye mfupa wa shavu nikakaa dakika nzima na nyeupe kwenye brashi, naogopa. Nikatia kidogo, na bluu ncha ya sindano. Akang'aa.

Pale chini ya kidevu nimekwama. Kavaa kanga nyekundu na jua linaipiga. Nikiacha giza tupu panakuwa shimo.

mwl_mstaafu
Kanga inarudisha mwanga juu. Sienna peke yake, bila bluu, nyembamba, chini ya kidevu na chini ya pua. Mjukuu naye kama kaegemea pale, bega lake litakula wekundu huo huo.

kibaraza_na_brashi
Imekaa, mwalimu. Nimempigia mteja picha kwa simu, akamuonyesha bibi. Bibi kaangalia muda mrefu, kasema rangi ni yake. Kisha kauliza mbona hereni zake hazipo.