Tupeane uzoefu: ukurasa gani wa The Hunger Games ulikukumbusha nyumbani?

Mleta mada: Habari zenu wadau. Nimerudia kwa mara ya tatu The Hunger Games ya Suzanne Collins, riwaya ya 2008. Wengi wakiitaja husimulia uwanja, mishale na vijana 24 wanaouana mbele ya kamera ili Capitol, mji mkuu unaotawala, ijifurahishe. Mimi hukwama mapema zaidi, kwenye hesabu ya kura inayowachagua vijana hao.

Ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, 13 mara mbili, mpaka mara saba ukiwa na 18. Ila maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kila nyongeza anapewa nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, tena vya kubana. Nyongeza hizo hujumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss, binti anayesimulia hadithi, anachukua fungu lake, la mama na la mdogo wake Prim. Akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na nyumba ya watu watano, limo mara 42!

Nilisoma hapo nikiwa kidato cha tatu, nikafunga kitabu. Mwaka baba alipougua, kaka yangu aliacha shule akaenda kubeba mizigo sokoni, ada yangu ikapatikana. Hakuna aliyemlazimisha. Na ile kura ndivyo ilivyo, mtoto anajiandikisha mwenyewe kwa sababu nyumbani hakuna unga. Usiku ule nilimwandikia kaka ujumbe wa shukrani, wa kwanza tangu aache shule. Akajibu, "Wewe soma, mdogo wangu."

Nanyi je?

Dada wa Kigoma: Mimi nimezaliwa kambini Kigoma, wazazi walikimbia vita Kongo. Sasa tuko Marekani na kitabu nilikisoma darasani huku. Mwalimu aliuliza kwa nini Katniss achukue nafaka ya serikali wakati anajua kuwinda. Wenzangu walisema ni woga. Nilinyoosha mkono. Niliwaeleza kuhusu kadi ya mgao, foleni ya asubuhi, na mama anavyopima maharage kwa kikombe ili yafike mgao unaofuata. Ukiwa na watoto huwezi kutegemea sungura ambaye huenda asipite leo, na msitu wenyewe uko nje ya uzio, kuvuka ni kosa. Darasa lilinyamaza. Ndiyo siku ya kwanza niliongea kirefu kwa Kiingereza.

Mtoto wa Mgodini: Baba yake Katniss alikufa kwenye mlipuko wa mgodi wa makaa, binti akiwa na miaka 11. Wangu alifukiwa na kifusi, nikiwa na 13. Lakini kilichoniuma si kifo, ni yule mama. Anakaa tu kitini, hasemi, watoto wanakonda mbele yake. Mama yangu alikuwa vilevile karibu mwaka mzima. Nilipika, nilifua, nilimlaza mdogo wangu, na moyoni nilimchukia mama. Niliamini ametususa. Katniss naye anamchukia, na mwandishi anamwacha amchukie, hamharakishi kusamehe. Kumwona mama wa kwenye kitabu kwa mbali ndiko kulikonifanya nielewe kwamba wangu alikuwa mgonjwa.

Msomaji wa Mombasa: Kwangu ni vile vidole vitatu ambavyo watu wanaviinua kumuaga Katniss anapokwenda uwanjani. Mwaka 2021 niliona picha za vijana wa Myanmar wakiviinua barabarani baada ya jeshi kupindua serikali. Thailand walishafanya hivyo 2014. Nilimwita binti yangu aje aone, maana mimi na yeye tulisoma nakala moja kwa zamu. Aliuliza kama wale vijana wamekula. Sikuwa na jibu.

Mleta mada: Mtoto wa Mgodini, pole sana ndugu. Mama yupo?

Mtoto wa Mgodini: Yupo, anaendelea vizuri. Jumapili namsomea, natafsiri papo hapo. Juzi tulifika pale Peeta, mtoto wa mwoka mikate, anapomrushia Katniss mikate iliyoungua, mvua inanyesha. Akaniomba nirudie.