Mjadala: Asali ya mikoko ipimwe chavua kabla ya kupewa jina?

Hoja: Asali inauzwa Lamu na Malindi kwa jina la "asali ya mikoko". Je, chavua, unga wa maua unaobaki ndani ya asali, iwe ushahidi wa lazima?

Msoma Chavua, Malindi
Iwe. Ukuta wa punje ya chavua ni mgumu na umbo lake hutaja familia ya mmea. Mahindi na nyasi nyingine: tundu moja lenye pete. Mnazi: mfuo mmoja. Mgunga: punje 16 zilizoshikamana. Bamia: punje kubwa yenye miiba mwili mzima. Chavua ya mgunga ikijaa ndani ya asali, nyuki walikwenda bara. Kazi si kubwa: gramu 10 za asali, mililita 20 za maji yasiyozidi nyuzi 40, zungusha kwa mashine dakika 10, mwaga maji, tandaza mashapo kiooni, hesabu punje 300 au zaidi.

Mrina wa Mokowe
Maalim, umbo linakupa familia, mti halikupi. Mkoko wenyewe, mkandaa na muia, yote miti ya mikoko, ni familia moja. Punje zao ndogo zenye mifuo mitatu ni vigumu kuzitenganisha kwa hadubini ya kawaida. Tena mkoko huchavushwa zaidi na upepo na mbochi wake, maji matamu ya ua, ni haba. Ukishika kile kipimo cha kuipa asali jina la mmea ambao chavua yake imefika asilimia 45, utaandika "mkoko" kumbe nyuki wamenyonya mchu, mti mwingine wa mikoko. Halafu sega likikamuliwa kwa mkono, chavua iliyowekwa akiba vitunduni humwagika ndani ya asali na hesabu yote inavurugika. Mwenye mzinga ataadhibiwa kwa kosa gani?

Mtunza Mimea
Mchu una afadhali: ukuta wake una wavu ulio wazi kuliko wa mkoko. Vitabu vya zamani huuweka katika familia yake peke yake. Vinasaba vimeuhamishia familia ya Acanthaceae, kwa hiyo msibishane kwa majina ya kale. Linganisheni na slaidi, vioo vilivyotandazwa chavua, za miti ya pwani hii hii. Chukueni tumba ambalo halijachanua, maana ua lililofunguka nyuki ameshalichafua kwa chavua ya kwingine. Kusafisha chavua ya slaidi hizo: sehemu 9 za anhidridi ya asetiki kwa 1 ya asidi kali ya salfuriki. Maji yakigusa mchanganyiko huo hulipuka, basi ikausheni chavua kwanza kwa asidi ya asetiki isiyo na maji. Mchanganyiko hupashwa moto; ukichelewa kuutoa, punje hugeuka nyeusi. Na wekeni slaidi ya pili isiyosafishwa, kwa sababu punje za ndani ya asali hazijapitia asidi na sura zake hutofautiana.

Msoma Chavua, Malindi
La kukamua nimelikubali. Sampuli itolewe kwenye asali iliyojichuja yenyewe, na lebo itaje mikoko kwa ujumla, si mti mmoja.

Mrina wa Mokowe
Hapo sawa. Lakini slaidi za kulinganishia zikae Lamu, wazi kwa kila mrina, si kwa mnunuzi tu.