Premiere kwenda Resolve: XML inavuruga taimulaini

Wakuu, tangazo la sekunde 60 limekatwa Premiere Pro, rangi zinafanyika DaVinci Resolve. XML (faili linalohamisha taimulaini kati ya programu) inaingia, lakini klipu za spidi inayopanda na kushuka zimeteleza, zilizokuzwa zimebadilika ukubwa, na Warp Stabilizer (kitulizi cha mtikisiko) haionekani kabisa. Nimekosea mipangilio au ndivyo programu zilivyo?

JIBU 1
Ndivyo zilivyo, mkuu. XML hubeba mikato, timecode (namba ya muda ya kila fremu) na mambo mepesi kama ukubwa na mahali pa picha. Lumetri (zana ya rangi) na Warp Stabilizer ni mali ya Premiere, hazivuki. Fanya nakala ya taimulaini, fumua sikwensi (taimulaini) zilizofungwa ndani ya nyingine, shusha klipu zote V1 (mstari wa kwanza wa video) pale inapowezekana. Klipu za spidi zirende (zitoe upya kama faili) kwa ProRes 4444, aina ya faili la ubora wa juu, uzirudishe mahali pake ndipo utoe XML. Toa pia video nzima yenye timecode juu ya picha, uilinganishe mkato kwa mkato ndani ya Resolve. Bila hiyo unabahatisha tu.

Ukubwa: mchawi huwa "Scale to Frame Size", maana haiandiki namba yoyote kwenye Scale. Tumia "Set to Frame Size", na Resolve uchague "Center crop with no resizing".

JIBU 2
Naongezea: zima Lumetri kabla ya kurenda, la sivyo rangi inagandia kwenye faili na mtu wa rangi hana pa kushika. Klipu za kutuliza mtikisiko usizirende, Resolve ina kitulizi chake, na unabaki na faili halisi la kamera.