Naomba ushauri: pikapu ya dizeli inagoma kuwaka alfajiri

Habari za leo wakuu. Niko Uyole, Mbeya, na baridi ya Julai hii mnaijua. Nina pikapu ya dizeli, injini cc 2800, ya kubebea viazi kutoka Isyonje. Asubuhi nikipiga stata inazunguka vizuri tu, ina nguvu, ila haishiki. Napiga mara nne au tano, inatoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, kisha inashika kwa kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikishapata moto basi, mchana mzima inawaka kwa mguso mmoja.

Betri ni mpya, ikipimwa kabla ya kuwasha inasoma volti 12.6. Filta ya dizeli nimebadilisha, terminali nimesafisha. Taa ya koili kwenye dashibodi, ile ya hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwasha), inawaka na kuzima kama kawaida, ndiyo maana plagi hizo sikuzigusa. Kitu kimoja kinanichanganya: nikipampu kwa mkono pale juu ya filta kabla ya kuwasha, inashika mapema kidogo. Si sana.

Fundi wangu anataka tushushe pampu ya dizeli na nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Hela hiyo kwa sasa sina, na kusema kweli moyo haujakubali.

Wajuzi, nianze na hita plagi au nitafute mpira wa dizeli unaovuta hewa? Na hizo plagi nazipimaje moja moja bila kuzifungua?